Reli ya Tanga ilijengwa kwa fedha za nani?

Maswali ya wasomaji kuhusu benki na reli za zamani. Anayejibu ni keshia mstaafu wa benki, mkazi wa Ngamiani, Tanga.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi nasoma kidato cha tano hapa Tanga. Mwalimu wetu alisema reli ya Tanga mpaka Moshi ilijengwa na benki za Wajerumani. Mwenzangu akabisha, akasema enzi hizo koloni lilikuwa halina benki. Tulibishana mpaka kengele ikalia. Mkweli ni nani?
Mwanafunzi, Chumbageni

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Wote wawili wameshika kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Ngoja nikupangie miaka.

Reli ilianza kutandikwa hapa Tanga mwaka 1893. Benki ya kwanza ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliundwa Berlin mwezi Januari 1905, ikafungua mlango Dar es Salaam mwezi Juni mwaka huohuo. Mwezi Februari 1905 treni ilikuwa imeshafika Mombo, kilomita 129 kutoka bandarini. Kwa hiyo miaka 12 nzima mataruma yalilazwa, vibarua wakalipwa, chuma kikashushwa melini, na koloni zima halikuwa na dirisha la benki mtu akaenda kuweka hata rupia moja. Benki nyingine, Handelsbank für Ostafrika, iliyofanya kazi zake hapa Tanga, ilikuja 1911, mwaka ambao reli iliingia Moshi. Hapo mwenzako ana haki.

Sasa fedha zilitoka wapi? Mimi nimefanya kazi benki, na swali la kwanza tulilofundishwa kuuliza kila likija faili la mkopo ni hili: dhamana yake nini? Ukiliuliza swali hilo kuhusu reli yetu, jibu litakuchoma.

Kulikuwa na kampuni ya Kijerumani ikiitwa Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Mwaka 1888 ilikodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, ikaingia kwa ubabe, watu wa pwani wakasimama na Abushiri bin Salim kupigana nayo, na kampuni ikashindwa kutawala. Serikali ya Ujerumani ikaleta jeshi. Mwaka 1890 pwani ikanunuliwa moja kwa moja kwa Sultani kwa maki milioni 4, maki ndiyo fedha ya Kijerumani. Ili mambo hayo yaende, kampuni ilikopa Ujerumani zaidi ya maki milioni 10, na serikali ikakubali kuilipa kampuni maki 600,000 kila mwaka. Fungu hilo liliwekewa dhamana ya ushuru wa forodha wa pwani hii. Ni ushuru wa pembe za ndovu zilizopita Bagamoyo, wa mpira, wa nguo zilizoshushwa Tanga na Pangani. Juu ya hapo kampuni ikapewa haki ya kujenga reli, haki ya kuanzisha benki ya kutoa noti, na haki ya kupiga sarafu.

Unaona sasa? Mabenki yalikuwepo, mwalimu wako hakukosea. Yalikuwa Berlin, na kilichowapa usingizi mzuri wale wenye mabenki ni forodha ya kwetu. Mimi siku zote nawaambia vijana: msiishie kuuliza nani alikopesha, ulizeni nani aliwekwa rehani.

Kampuni hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya reli mwaka 1891. Shabaha ilikuwa mashamba ya kahawa yaliyofunguliwa Usambara ya Mashariki, kule Derema, juu ya Muheza. Mambo yakaenda kwa kusuasua. Kutoka Tanga mpaka Muheza ni kama kilomita 40, na treni ikafika huko 1896. Miaka mitatu kwa kilomita 40! Mtaji ukaisha hapohapo. Kahawa yenyewe haikuzaa kama walivyohesabu kwenye makaratasi, na reli isiyo na mzigo hailipi hata makaa yake. Mwaka 1899 serikali ikaichukua. Korogwe wakafika 1902, Mombo 1905 kama nilivyosema, na kuanzia 1908 zikaja fedha za mkopo mkubwa, ndipo chuma kikaenda mbio kupita Same mpaka Moshi. Uzinduzi rasmi ulikuwa 1912. Jumla ni kilomita 352, upana wa mita moja kati ya chuma na chuma.

Mkopo huo wa 1908 nao una mtu wake. Waziri wa makoloni wakati huo alikuwa Bernhard Dernburg, na kabla ya uwaziri alikuwa mkuu wa benki kubwa ya Ujerumani. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1907 akajionea. Aliporudi, makoloni yakaanza kukopa kwa majina yao wenyewe, serikali ya Ujerumani ikiwa mdhamini tu. Maana yake riba ya chuma kilicholazwa kati ya Mombo na Moshi ikaandikwa kwenye deni la koloni. Na koloni lilipata wapi fedha? Forodha, nauli, na kodi ya nyumba iliyoanza 1898, rupia 3 kwa kibanda cha shamba.

Rupia 3 mtu wa Bondei au Usambaa angezipata wapi kama si kwenda kufanya kibarua? Na bado hawakuridhika. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ikaweka utaratibu wa kadi: kila mwanamume afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kipande kile babu zetu walikitembeza kiunoni, na mashamba ya mkonge yakaendelea na vipande miaka mingi baada ya Wajerumani kuondoka. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, reli ya Tanga ilijengwa kwa fedha za kukopa Berlin na kulipwa na watu wa hapa. Mwambie mwalimu wako hivyo, kwa adabu.

Na ukitaka kujua nini kiliiokoa, ni mkonge. Mwaka 1893, mwaka uleule wa kuanza reli, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 ukaenea mkonge wa nchi nzima. Jani la mkonge ni maji matupu, nyuzi ni kama sehemu 4 katika 100 za uzito wake, kwa hiyo kinu lazima kiwe jirani na shamba, na marobota lazima yapate treni jirani na kinu. Ndiyo maana ukitoka hapa kwenda Korogwe mashamba ya zamani yameisogelea reli namna ile.

SWALI: Salaam aleikum. Sisi watu wa Bagamoyo tunaambiwa mji wetu ulikufa kwa sababu reli ilikwenda Dar es Salaam. Ni hivyo tu? Na wale wenye misafara walikuwa wanapata wapi mtaji kabla ya benki?
Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalonipendeza.

Bagamoyo ilikuwa na mabenki, tena yenye nguvu, ila yalikuwa ni watu. Msafara wa kwenda Tabora na Ujiji ulihitaji mzigo mkubwa wa nguo za marekani, shanga na masango ya shaba, ulihitaji mamia ya wapagazi waliopewa sehemu ya ujira kabla hawajainua mzigo, na posho ya njiani. Fedha za kufanya yote hayo hakuwa nazo kiongozi wa msafara. Alikwenda kwa tajiri, akachukua mali kauli: chukua vitu leo, nenda bara, ukirudi na pembe tutahesabiana. Kurudi kwenyewe huenda ni baada ya mwaka, huenda miwili. Riba haikuandikwa mahali, imo ndani ya bei ya jora la nguo. Tajiri wa Bagamoyo naye alikopeshwa na nyumba kubwa za Kihindi za Unguja, na hizo zilikuwa na watu wao Bombay. Fedha zilivuka bahari kwa hundi, karatasi iliyoandikwa hapa ikalipwa kule kwa sababu jina lililo chini yake linajulikana.

Jina kubwa kwenu lilikuwa Sewa Haji Paroo. Alizaliwa hukuhuku pwani mwaka 1851, akawa ndiye wa kumwendea mgeni yeyote anayetaka wapagazi na vitu. Alitoa mali yake kwa hospitali na shule, na jina lake bado lipo kwenye wodi za Muhimbili. Alifariki 1897.

Sasa kufa kwa mji. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Hiyo ilijengwa na kampuni iliyoundwa 1904 na kundi la mabenki likiongozwa na Deutsche Bank, mtaji maki milioni 21, na serikali ya Ujerumani ikawahakikishia riba ya asilimia 3 kwa mwaka, reli ipate faida isipate. Tazama tofauti na ya Tanga. Ya Tanga walijaribu kwa mtaji wa kampuni, wakakwama Muheza. Kwa ya kati wenye fedha walikaa kimya mpaka wapewe hakikisho, na walipopewa kazi ikaenda. Kuchagua Dar es Salaam hakukuwa na mjadala mrefu. Serikali ilikuwa imeshahamia huko tangu 1891, na bandari yake ni ya kina, meli inaingia ndani. Kwenu meli kubwa inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwa mashua, na maji yakitoka mtu anatembea kwenye tope.

Lakini reli iliyowaumiza mwanzo haikuwa hata ya Wajerumani. Ilikuwa ya Waingereza, Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Ziwa Viktoria 1901. Kabla ya hapo ngozi na pembe za Mwanza na Bukoba zilitembea kwa miguu mpaka pwani yenu. Baada ya 1901 zilipanda meli ziwani, zikavuka mpaka Kisumu, zikapakiwa behewani, zikaenda Mombasa. Ilipofika 1905 na Dar es Salaam kuanza kutandika chuma, Bagamoyo ilikuwa imeshapoteza ziwa.

Matajiri waliliona mapema kuliko serikali. Allidina Visram alianzia biashara yake hapo Bagamoyo, kijana mgeni kutoka Kutch. Reli ya Uganda ilipopita yeye akaifuata kwa maduka, stesheni kwa stesheni, mpaka Uganda, na maduka yake yakawa yanapokea fedha na kulipa fedha mahali ambapo benki haijafika. Alifariki 1916. Mtaji ulioondoka Bagamoyo kwa namna hiyo haukurudi, na kwangu mimi hilo liliwaumiza kuliko chuma kutopita. Mji usio na reli unaweza kuishi, Lamu na Kilwa wameishi. Mji ulioondokewa na wakopeshaji wake ndio unaobaki na nyumba nzuri zilizofungwa milango.

SWALI: Bibi, marehemu babu ameacha sarafu ya rangi ya manjano, ina taji, herufi D.O.A., 20 Heller, 1916 na herufi T. Kuna mtu anataka kuninunulia akidai ni dhahabu ya Tabora. Nimuuzie?
Msomaji, Muheza

JIBU: Usiuze kwanza mwanangu, na wala usiisugue kwa mchanga wala ndimu. Si dhahabu. Lakini ina heshima yake.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliigawa rupia kuwa heller 100, kabla ya hapo watu walihesabu kwa pesa, 64 kwa rupia. Vita vilipoanza 1914 Waingereza wakaziba bahari, sarafu na noti mpya zikawa haziingii. Benki ya Dar es Salaam ikachapa noti za dharura humuhumu nchini. Kwa sarafu, kazi ilifanyika Tabora, kwenye karakana ya reli. Mafundi waliokuwa wakitengeneza mabehewa wakapewa kupiga fedha, na shaba nyekundu na ya manjano wakaitoa kwenye maganda ya risasi na mizinga. Ndizo hizo za heller 5 na 20 zenye T ya Tabora. Katika historia nzima ya fedha za nchi hii sioni pengine ambapo benki na reli zilikutana chini ya paa moja namna hiyo.

Dhahabu ilikuwepo kweli, ya rupia 15, ina ndovu mbele ya mlima. Ilitoka mgodi wa Sekenke, na zilipigwa 16,000 na ushei. Ni ndogo kuliko hiyo yako na ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Yako haina ndovu. Anayekuambia ni dhahabu ama hajui, ama anataka uamini kwamba anakuonea huruma kwa bei. Ipeleke kwenye makumbusho ya Urithi pale Boma ya zamani mjini Tanga waione, kisha uamue na ndugu zako.

SWALI: Kwa nini wazee wetu hawakuwa wanakopa benki wakati mabenki yalikuwa mjini toka zamani? Baba yangu alikuwa na minazi mingi Pongwe, hakuwahi kuingia benki maisha yake yote.
Msomaji, Barabara ya 10, Ngamiani

JIBU: Mwanangu, hili nalijibu kwa uchungu. Wengi hudhani wazee waliogopa benki, au hawakujua kusoma. Sheria ndiyo iliyowazuia. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji, ikaitunga upya 1931. Mfanyabiashara akimkopesha Mwafrika bila kibali cha ofisa wa serikali, hawezi kumdai mahakamani. Walisema ni kuwalinda wenyeji wasinyonywe na wenye maduka. Sasa wewe ungekuwa meneja wa benki, ungempa mtu fedha ambazo sheria haitakusaidia kuzidai? Baba yako angekuja na minazi 1,000, bado karani angemwomba radhi akamrudisha mlangoni.

Na ardhi yenyewe aliyokuwa nayo haikuwa na hati, kwa hiyo hata rehani hana. Shamba la mkonge lenye hati, hilo lilikopeshwa. Mabenki yalikuwa hapa kwa ajili ya mashamba na mzigo wa bandari: kupokea fedha za robota lililouzwa ng'ambo, na kutoa noti za mshahara mwisho wa mwezi.

Waliopata njia ni waliojikusanya. Kule mwisho wa reli yetu, Kilimanjaro, wakulima wa kahawa walianzisha chama chao 1925, na 1933 kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wenyeji wa Kilimanjaro. Mkulima mmoja hakopesheki, lakini chama chenye kahawa ghalani kinakopesheka. Huku Tanga tulikuwa vibarua wa mashamba ya watu, mazao si yetu, kwa hiyo njia hiyo ilikuwa nyembamba. Wanawake wa Ngamiani walicheza upatu, na nakuhakikishia nyumba nyingi za mtaa wako zilipauliwa kwa upatu.

Mwaka 1967, tarehe 6 Februari, mabenki yakataifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mimi niliingia kazini baadaye kidogo, tukiwa wasichana wachache kwenye kaunta. Nilikuta madaftari ya zamani, majina ya wateja ni ya makampuni na ya watu wa ng'ambo, kurasa kwa kurasa. Nakumbuka mzee mmoja wa makamo ya baba yako alikuja kufungua akaunti ya akiba. Alivua viatu mlangoni. Nilitoka nyuma ya kaunta nikamwambia, baba, vaa, hapa ni kwako. Mpaka leo nikilikumbuka nasikia vibaya, kwamba mtu alizaliwa mji huu, akalipia reli hii kwa kodi yake, akaingia benki kama anaingia kwa watu.

SWALI: Je, treni ya Tanga imeunganishwa na ya Dar es Salaam tangu Wajerumani?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Hapana. Wajerumani walijenga njia mbili zisizokutana, moja ya kaskazini, moja ya kati. Wakati wa vita vya kwanza Waingereza waliunganisha ya Moshi na Voi, kwa hiyo kwa miaka mingi ilikuwa rahisi behewa la Tanga kufika Mombasa kuliko kufika Dar es Salaam. Arusha ilipata reli 1929. Kipande cha kutoka Ruvu kuja kukutana na njia yetu jirani na hapo kwenu Korogwe, kilomita 188, kilikamilika 1963, nchi ikiwa imeshapata uhuru.